Pombe ya Mama na Kitabu cha Mgeni

Richard Burton, Mwingereza, alifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, akiwa na mwenzake Speke na msafara wao kutoka pwani. Mwaka 1860 alitoa kitabu chake juu ya nchi za maziwa ya Afrika ya Kati. Nimekisoma zaidi ya mara moja, na kila mara hukwama pale anapoeleza pombe yetu ya mtama.

Kwanza nimpe haki yake. Kazi yenyewe ameieleza sawasawa: nusu ya nafaka hulowekwa hadi iote, hutwangwa, huchanganywa na unga wa nusu ya pili, pengine na asali kidogo, kisha hupikwa na kuchujwa. Ndivyo alivyofanya mama yangu. Fedha ya mitungi ile ndiyo iliyonilipia ada ya shule, nami niliona haya wenzangu wakinusa kimea kwenye sare yangu.

Burton anasema kwamba baada ya siku ya 3 pombe hiyo huwa kali kama siki. Ni kweli, ila ukweli huo haujatimia. Kwao Uingereza bia hutiwa hopsi, maua ya mmea utambaao, kama aina ya Golding inayosifika huko Kent kwa harufu yake. Atengenezaye bia nyumbani huitia mwishoni mwa kuchemsha, harufu isije ikapotea na mvuke. Tena hopsi huzuia bia isichache upesi, hata ikaweza kukaa katika mapipa na kwenda mbali.

Pombe ya mama haikupikwa ili isafiri. Ilipangiwa siku. Majirani waliitwa kulima, na jioni waliikuta tayari. Kuchacha kwake ndiko kulikowakusanya, maana hakuna aliyeweza kuificha akainywa peke yake mwezi mzima. Burton alitazama kwa macho ya msafiri, ambaye kitu chema kwake ni kile kinachobebeka begani mwa mpagazi.

Simlaumu sana, alikuwa mpita njia. Najilaumu mimi, mwenyeji, niliyeipima pombe ya mama kwa kipimo cha mgeni hata kabla sijakifungua kitabu chake. Mama alijua kwamba naona haya. Aliendelea kupika, na ada ikalipwa.