MALAT1: Tusiihukumu RNA kwa jina lake

Ukisoma chochote kuhusu saratani ya mapafu na RNA zisizotengeneza protini, utakutana tu na MALAT1. Jina lake refu, tukilileta kwa Kiswahili, ni "nakala ya 1 inayohusiana na kusambaa kwa adenokasinoma ya mapafu". Sasa jiulize: ukishapewa jina kama hilo, nani atakuamini ukisema huna hatia?

Turudi nyuma kidogo. Kama asilimia 2 tu ya DNA yetu ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Sehemu kubwa iliyobaki iliwahi kuitwa takataka. Kumbe sehemu nyingi za hiyo "takataka" hunakiliwa kuwa RNA, na baadhi ya RNA hizo husaidia kuamua jeni ipi iwake na ipi izimwe, bila herufi hata moja ya DNA kubadilika. Hapo ndipo zinapokutana na epijenetiki.

Mwaka 2003 watafiti nchini Ujerumani walilinganisha vivimbe vya mapafu vya hatua za mwanzo: vya wagonjwa ambao saratani yao ilisambaa baadaye, na vya wale ambao haikusambaa. MALAT1 ilikuwa nyingi zaidi kwa kundi la kwanza. Ni ugunduzi mzuri, lakini angalia kilichopimwa: kiasi. Penye moshi pana moto, sawa, ila moshi sio ulioanzisha moto.

Mwaka 2012 vikundi vitatu vya watafiti vilitengeneza panya wasio na MALAT1 kabisa. Panya walizaliwa, wakaishi, wakazaa kama kawaida. Kwa RNA iliyojaa kwenye seli kiasi hicho, hili lilishangaza wengi. Mwaka uliofuata timu ya Heidelberg ikaizima kwenye A549, seli za saratani ya mapafu zilizotoka kwa mgonjwa mmoja mwaka 1972. Seli hizo zilipungua mwendo, na zilipowekwa kwa panya zikaunda vivimbe vichache zaidi. Huu ni ushahidi wa kweli, zaidi ya moshi.

Ila kesi haikuishia hapo. Mwaka 2016, kwa panya wenye saratani ya matiti, kuipunguza MALAT1 kulipunguza kusambaa. Mwaka 2018 kundi jingine, pia kwa panya wenye saratani ya matiti, likaona kinyume: ikizimwa, saratani inasambaa zaidi; ikirudishwa, inatulia!

Sasa nani mkweli? Huenda wote. Kukata kipande cha DNA kunaweza kuondoa pia swichi za jeni jirani. Kuivunja RNA ikishatengenezwa ni jambo jingine, na kuweka alama ya "simama" ili isinakiliwe ni jingine tena. Halafu pafu sio titi.

Lawama yangu haiendi kwa waliofanya majaribio. Inatuhusu sisi tunaoyafupisha. Kwenye makala nyingi za mapitio, MALAT1 inawekwa kwenye jedwali, mshale unaelekea juu, pembeni neno "onkojeni", basi. Neno "inayohusiana", ambalo limo ndani ya jina lenyewe, linageuzwa kimyakimya kuwa "inayosababisha". Nami nimeshafanya hivyo kwenye slaidi zangu, tena kwa kujiamini.

Hili si suala la maneno tu. Kama RNA hiyohiyo inaweza kusukuma saratani mahali pamoja na kuizuia mahali pengine, dawa ya kuizima haiwezi kubuniwa kwa kuangalia mshale wa kwenye jedwali. Atakayelipa gharama ya ufupisho wetu ni mgonjwa.

Kwa hiyo, ukikutana na sentensi "RNA fulani husababisha saratani", uliza maswali matatu: waliipima tu, au waliizima? Waliizima kwa njia gani? Na walipoirudisha, mambo yalirudi yalivyokuwa? Kama hakuna jibu la swali la tatu, usifunge kesi.