Fundi wa Ekzosi

Kijana akipata pikipiki ya magurudumu manne siku hizi, jambo la kwanza ni kuing'oa sailensa. Anaamini ameifungulia nguvu, kumbe amefungulia makelele: mbuzi wanatimka, majirani wanalaani, na injini yenyewe, ungeipima, pengine imepungua. Ekzosi si tundu la kutolea moshi tu. Ni kiungo cha injini, na wako mafundi waliojua kuikata na kuifua mpaka chombo kikatoa nguvu ambayo kiwanda hakikuitia. Nawasifu leo kwa sababu wanakwisha.

Mmoja nilimkuta Bidiya, mashariki ya Oman, mchanga wa Sharqiya unapoanzia. Ni mzee aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake bado ni cha Mji Mkongwe. Vijana humletea Yamaha Banshee: silinda mbili, cc 347, injini ya mipigo miwili, zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Marekani iliuzwa kuanzia 1987 hadi 2006. Kwenye matuta ya Ghuba wapenzi wake hawajaiacha.

Mzee hana mashine ya kukunjia. Huchora koni kwenye karatasi ya boksi, akailaza juu ya bati la chuma la milimita moja, akapiga mstari, akakata kwa mkasi wa bati. Kisha hulikunja juu ya bomba nene lililobanwa kwenye jiliwa, akigonga kwa nyundo ya mti, anasogeza, anagonga tena. Kingo zikikutana, huinua koni usawa wa mlango. Mwanga ukipenya kwenye kiungo, anarudia. Ndipo huwasha gesi. Akishalehemu hupitisha kidole ndani, polepole, kutafuta tone la chuma lililochungulia.

"Mwanangu," aliniambia, "humu haupiti moshi peke yake. Inapita na sauti."

Hakutia chumvi. Tundu la moshi likifunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Likipita koni inayopanuka, hurudisha mvuto unaofyonza moshi uliobaki na kukaribisha petroli mpya. Likigonga koni inayobana, hurudi na msukumo, na ile petroli mbichi iliyokuwa inatoroka inarudishwa silindani kabla pistoni haijaziba tundu, kama konda anavyomsukumiza ndani abiria wa mwisho daladala ikiwa imeshaondoka. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, mambo hayo hutendeka mara 150 kila sekunde. Koni ikikosewa urefu, wimbi hukuta mlango umeshafungwa.

Elimu hii aliiivisha Walter Kaaden katika miaka ya 1950, kwenye kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa na uhaba wa mengi. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na kuipelekea Suzuki siri hiyo. 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 juu ya Suzuki. Banshee inayopanda tuta Bidiya ina deni Zschopau, ingawa anayeiendesha hajapata kulisikia jina hilo.

Na kufunga bomba si mwisho wa kazi. Injini inayopumua vizuri zaidi hutaka petroli zaidi. Ukibadili ekzosi ukaacha jeti ileile kwenye kabureta, utatoboa pistoni. Kwa hiyo mzee humwamuru kijana apande tuta amebana mafuta mpaka mwisho, na kileleni azime ghafla. Plagi hufunguliwa ingali moto. Mzee huishika kwa kitambaa na kuigeuza juani. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa na iko hatarini. Ikiwa nyeusi na imelowa, imevimbiwa. Anaitaka rangi ya kahawa, na asipoiona hubadili jeti na kumrudisha kijana tutani. Hana haraka, hata jua likizama.

Leo ekzosi huja imeng'arishwa ndani ya boksi, na pikipiki mpya zina mipigo minne na kompyuta ya kupimia petroli. Sina ugomvi nazo. California imeweka kikomo cha desibeli 96 kwa vyombo vya aina hii, na viwanda vinauza ekzosi zenye nguvu bila kukivuka. Basi anayedai kwamba nguvu lazima ipasue masikio anajitetea uvivu.

Vijana waliokuwa wakijifunza kwa mzee wamehamia kwenye viyoyozi, kwa kuwa huko kuna mshahara. Siwalaumu. Karatasi zake za boksi zimetungikwa msumarini, vipimo vimeandikwa kwa penseli. Atakayezirithi atapata urefu na upana wa kila koni. Kwa nini alipunguza hapa na kuongeza pale, hakuandika, na sisi wateja wake hatumwulizi. Tunauliza bei, na kama itakuwa tayari kabla ya adhuhuri.