Harusi ya Venice: Kwa Nini Karamu ya Mwisho Ilihamishwa

Siku chache kabla ya harusi ya Jeff Bezos na Lauren Sánchez, Juni 2025, waandalizi walibadilisha ukumbi wa karamu ya mwisho. Ilikuwa ifanyike Scuola Grande della Misericordia, jengo kubwa la kale katika mtaa wa Cannaregio, Venice. Ikapelekwa Arsenale, mashariki mwa jiji. Waandamanaji waliokuwa wakiipinga harusi hiyo walishangilia, na magazeti yakaiandika kama ushindi wao. Ulikuwa ushindi kweli, lakini kwa anayechunguza jinsi shughuli inavyopangwa, uhamisho ule unafichua zaidi ya hapo. Kati ya kumbi tatu za harusi ile, mmoja ulichaguliwa kwa uzuri wake bila kuitazama ramani vya kutosha.

Basi tuitazame. Ndani ya Venice hakuna gari. Basi na teksi huishia Piazzale Roma, na kuanzia hapo ni miguu au boti. Kila kiti, kila kreti ya mvinyo, kila shada la maua na kila mgeni aliyevaa viatu virefu hushushwa gatini. Kule, kabla hujauliza ukumbi unaingiza watu wangapi, unauliza boti inafikaje, na nani mwingine ana haki ya kusimama kwenye njia hiyo.

Ratiba ilikuwa ya siku tatu: Alhamisi 26 Juni makaribisho katika ua wa ndani wa kanisa la Madonna dell'Orto, Ijumaa 27 sherehe yenyewe katika kisiwa cha San Giorgio Maggiore, Jumamosi 28 karamu ya kuagana.

San Giorgio ndipo palipopangwa kwa akili zaidi. Kisiwa hicho kinatazamana na uwanja wa San Marco, kiasi kwamba watalii wote wanakiona, ila hakuna daraja la kukifikia. Kina kanisa lililosanifiwa na Andrea Palladio, ujenzi ukianza mwaka 1566, na nyumba ya watawa wa Kibenedikti ambayo kwa sehemu kubwa hutumiwa na Fondazione Giorgio Cini, taasisi ya utamaduni iliyoanzishwa 1951. Mwaka 1980 viongozi wa G7 walikutana hapohapo. Kwa hiyo ulinzi wake ulishajaribiwa na wakubwa kuliko bwana harusi: boti za polisi zikizunguka, mlango umefungwa. Mandhari yanaonekana na kila mtu, lakini kuingia ni kwa mwenye kadi. Sehemu ya namna hiyo haipatikani kirahisi duniani, na aliyeichagua anaijua kazi yake.

Madonna dell'Orto ni hadithi nyingine. Lipo katikati ya makazi ya watu, ingawa ni hatua chache tu kutoka maji ya wazi ya kaskazini. Jioni ile wapita njia walizuiwa katika eneo linalolizunguka kanisa. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa usiku mmoja, na boti zinaweza kuingia kutoka upande wa nje wa jiji bila kupenya mitaani.

Misericordia haina nafuu hiyo. Mfereji wake ni mwembamba, na kando yake kuna baa ambako wenyeji hukaa jioni, miguu ikining'inia juu ya maji. Wanaharakati wa No Space for Bezos walitangaza kwamba wangejitosa mferejini na mamba wa plastiki wa kupulizwa ili kuziba njia ya boti. Watu walicheka. Mimi naona lilikuwa tishio la bei rahisi lenye nguvu nyingi, kwa maana hakuna nahodha atakayepitisha boti juu ya waogeleaji, na hakuna mkuu wa ulinzi atakayekubali wageni wakwame katikati ya mfereji mwembamba, juu wakizungukwa na kamera. Arsenale, kwa upande wake, ni karakana ya zamani ya meli za Jamhuri ya Venice. Ina ukuta mrefu na lango la majini, sehemu yake moja bado ni ya jeshi la wanamaji, na nyingine hupokea umati wa maonyesho ya Biennale. Kwa kuhamia huko waandalizi walirudia kanuni ileile ya San Giorgio. Walipaswa kuanza nayo.

Kuhusu usafiri, uvumi ulienea mapema kwamba boti zote za teksi na hoteli zote za kifahari zimeshikwa. Mwezi Machi jiji lilitoa tamko kwamba wageni ni 200 tu, idadi ambayo Venice inaimudu bila kutetereka. Habari za baadaye zilitaja boti za teksi zipatazo 30. Kwa jiji lililozoea mikutano ya kimataifa, hiyo ni shughuli ya kati.

Sasa karatasi, jambo ambalo wengi wanaopanga harusi ya nje hulikumbuka wamechelewa. Ofisi za jiji la Venice hazikupokea ombi la kufungisha ndoa hiyo, kwa hiyo kilichofanyika San Giorgio hakikuwa na nguvu mbele ya sheria ya Italia. Iliripotiwa kwamba wawili hao walishamaliza taratibu za kisheria kwao Marekani. Linganisha na George Clooney na Amal Alamuddin, mwaka 2014 katika jiji hilohilo. Wao walifanya sherehe hotelini Jumamosi 27 Septemba, kisha Jumatatu wakaenda Ca' Farsetti, makao ya manispaa, kufungishwa ndoa na Walter Veltroni, meya wa zamani wa Roma. Ilibidi hata njia ya kando ya mfereji ifungwe kwa muda.

Njia ya Clooney ina mvuto wake, lakini ina milolongo. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Kiraia ya Italia kinamtaka mgeni alete tamko la mamlaka ya nchi yake kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Mmarekani, ambaye serikali yake haitoi hati ya namna hiyo, hula kiapo kwa konseli wake na kuongeza kiapo kingine chenye mashahidi wawili. Kuna mihuri ya Prefettura, stempu za kulipia na tafsiri. Kifungu cha 89 nacho kinamtaka mwanamke aliyeachika asubiri siku 300 kabla ya kuolewa tena, isipokuwa sheria imemsamehe au mahakama imemruhusu. Bibi harusi anayeligundua hilo wakati kadi zimeshasambazwa ana kazi.

Kwa hiyo kwa Mtanzania au Mkenya anayeota kufanyia harusi Italia, ushauri wangu ni mfupi: funga ndoa ya bomani nyumbani. Notisi ni siku 21, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 Tanzania Bara na kwa sheria ya Kenya ya 2014 vilevile. Ukifika kule unabaki na maua, chakula na picha. Familia za pwani hazitashangaa, maana wamezoea akdi kusomwa siku yake na shughuli ya wanawake kuja na siku yake. Pesa za kuhangaikia ni za viza. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90. Ndugu 40 ni yuro 3,600 kabla ya mtu kugusa tiketi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na shangazi akinyimwa hakuna kamati ya harusi itakayomrudishia ada yake.

Gharama za harusi ya Bezos zilikadiriwa na Luca Zaia, aliyekuwa rais wa jimbo la Veneto wakati huo, kuwa kati ya yuro milioni 40 na 48. Wizara ya Utalii ya Italia ikaja na takwimu ya faida inayokaribia yuro milioni 957, ambayo sehemu yake kubwa mno ni thamani ya jina la Venice kutajwa katika vyombo vya habari. Hesabu hiyo siinunui. Venice haikuwa imekosa kutajwa, na jiji la kale, lenye wakazi wasiofika 50,000, linatoza watalii wa kutwa ada ya kuingia kwa sababu wamezidi.

Kilicholegalega katika harusi hiyo ni namna ya kuzungumza na wenyeji. Wageni waliombwa wasilete zawadi, na maharusi wakatoa michango kwa ofisi ya UNESCO ya Venice, kwa Venice International University na kwa CORILA, muungano wa watafiti wa maji yanayolizunguka jiji. Keki na vitafunio viliagizwa Rosa Salva, duka la siku nyingi, na vyombo vya kioo Laguna B ya hapohapo. Mambo hayo yalipangwa mapema, maana CORILA walisema walishaongeleshwa tangu Aprili. Wananchi waliyasikia Juni, wakati bango la Greenpeace la kumpinga Bezos limeshatandazwa uwanjani San Marco, na kila mchango ukasikika kama jibu la bango hilo.