Anayefunga Msafara

Katika vilima vikavu vya Kajiado, kusini mwa Nairobi, baiskeli zinapokatiza changarawe kwa kundi, sifa huwaendea walio mbele. Mimi namstahi wa mwisho kabisa. Miguu ya kuongoza anayo, lakini hujizuia makusudi, akila vumbi la wenzake wote. Amebeba viraka, gundi, pampu na kiungo cha akiba cha mnyororo. Mwiba wa mgunga ukitoboa tairi, hupapasa ndani polepole mpaka aupate na kuung'oa. Ukibaki, hata tyubu mpya itatoboka palepale. Anayeishiwa maji humgawia yake. Walio mbele wanapokunywa soda, yeye bado yuko kilimani na mgeni aliyebanwa na misuli, wakikokota baiskeli pamoja.