Pindu la Nammalvar

Tiruvaymoli, utungo wa Kitamil wenye beti 1,102 uliotungwa na Nammalvar yapata karne ya 9, humwelekea Vishnu peke yake kuwa Mungu Mkuu. Asomaye maudhui tu hukuta sifa na kilio cha mpenzi aliyeachwa. Fani ina zaidi. Neno linalofunga ubeti huufungua ubeti ufuatao, kama katika pindu la washairi wa Kiswahili. Na neno la mwisho kabisa hurejea lile la kwanza, lenye maana ya kuwa juu. Imani kwamba vyote hutoka kwa Mmoja na kumrudia imefumwa ndani ya mfuatano huo.

Katika tafsiri ya Kiingereza ya 1981, A. K. Ramanujan alichagua beti chache akazipanga upya. Lugha yake ni nzuri, pengine nzuri mno, ila mkufu umekatika: Vishnu amebaki mpenzi wa shairi moja moja. Waumini wa hekalu la Srirangam, ambao huuimba utungo wote kila mwaka kwa siku kumi, husikia mzunguko kamili. Atakayeufasiri kwa Kiswahili asianzie kwenye Kiingereza hicho. Pindu analo tayari.