"Wao" Ni Nani? Nafsi katika Matangazo ya Kampeni za Marekani

Wahakiki wetu wamezoea kusema kuwa fasihi ni kioo cha jamii, kisha wanaketi kuhakiki riwaya na tamthilia zilezile za kila mwaka. Sina ugomvi na riwaya. Lakini kama tunakubali kwamba kazi ya sanaa ni ile inayoitumia lugha kwa ufundi ili kugusa hisia za hadhira, basi tukubali pia kuwa tangazo la kampeni la nusu dakika ni kazi ya sanaa, tena yenye hadhira kubwa kuliko diwani yoyote. Katika makala haya nitatazama matangazo machache ya uchaguzi wa Marekani, kuanzia mwaka 1964 hadi 2024. Najua wapo watakaouliza, "Ya Wamarekani yanatuhusu nini?" Anayemsoma Shakespeare bila kuuliza swali hilo aniruhusu na mimi niendelee.

Kwa kawaida matangazo haya hupimwa kwa kigezo kimoja: je, yanasema kweli au uongo? Waandishi wa habari wanaifanya kazi hiyo, na ni kazi muhimu. Mimi naona haitoshi, kwa sababu tangazo linaweza kuwa la kweli neno kwa neno na bado likawagawa watu. Ufundi wake umejificha mahali padogo ambapo mwanafunzi wa lugha alipaswa kuwa wa kwanza kupaona, yaani katika nafsi. Nani anaitwa "sisi", nani "wewe", nani "wao".

Tuanze na tangazo maarufu kuliko yote, "Daisy", la kampeni ya Lyndon Johnson wa chama cha Democratic. Lilirushwa kama tangazo la kulipiwa mara moja tu, tarehe 7 Septemba 1964. Mtoto wa kike yumo kondeni, anachuma majani ya ua na kuyahesabu, tena anakosea kuhesabu kama watoto wanavyokosea. Mara inaingia sauti ya mwanamume inayohesabu kurudi nyuma. Picha inasogea mpaka ndani ya jicho la mtoto, na bomu la nyuklia linalipuka. Ndipo Johnson anasikika akizungumzia upendo na kifo. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hatajwi hata kidogo.

Anayeujua mpasho wa taarabu ataelewa mara moja kilichofanyika hapa. Fumbo limetupwa hewani bila jina, na hadhira yenyewe ndiyo imelivisha jina. Mtu akilalamika, anaulizwa, "Kwani umetajwa?" Huo ni ufundi mkubwa, na sitajifanya sikuusifu nilipouona. Lakini tuwe wakali pia: tangazo hili lilimwambia mama aliyeketi na mwanawe kwamba jirani yake anayempenda Goldwater yuko tayari mtoto huyo aungue. Johnson alishinda majimbo 44, ingawa huenda angeshinda hata bila ua.

Miaka 24 baadaye kimya hicho kilivunjwa, jina likatajwa. Mwaka 1988 George Bush aligombea dhidi ya Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts. Katika jimbo hilo mfungwa mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji, William Horton, alipewa ruhusa ya kutoka gerezani kwa mwisho wa juma, akatoroka, na mwaka 1987 akamshambulia mwanamume na kumbaka mwanamke huko Maryland. Tukio ni la kweli na ni la kutisha. Kikundi kilichomuunga mkono Bush, nje ya kampeni yake rasmi, kikatoa tangazo lenye picha ya Horton, mtu mweusi, ya kipolisi. Kampeni yenyewe ikatoa jingine linaloonyesha wafungwa wakiingia na kutoka kwenye lango linalozunguka, bila kumtaja Horton.

Mhakiki wa fasihi hapa hawezi kulipita suala la majina ya wahusika. Mtu huyu alisema mwenyewe kwamba hakuwahi kuitwa Willie. Jina la Willie alipewa na kampeni, kama mtunzi anavyombatiza mhusika wake, na kwa masikio ya Kimarekani jina hilo lina historia ya kuwadunisha wanaume weusi. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye kosa lake aligeuzwa kuwa mhusika bapa anayewakilisha kundi zima. Lee Atwater, aliyeiongoza kampeni ya Bush, aliomba radhi kwa ukatili aliomfanyia Dukakis alipokuwa akiugua saratani ya ubongo. Alifariki mwaka 1991. Radhi ya mtunzi haiondoi kazi yake mikononi mwa wasomaji, na wasomaji wa kazi hii walishaielewa.

Sasa tufike mwaka 1990, ambao naona ndio kiini cha mjadala huu. Mambo mawili yalitokea. Kwanza, GOPAC, taasisi ya Warepublican iliyokuwa chini ya Newt Gingrich, iliwasambazia wagombea waraka uitwao "Language: A Key Mechanism of Control", yaani lugha kama nyenzo kuu ya kudhibiti. Waraka huo ni kamusi! Una orodha mbili. Ya kwanza ina maneno ya kujipamba: familia, watoto, ukweli, uhuru. Ya pili ina maneno ya kumpaka mpinzani: uozo, ugonjwa, usaliti, wasaliti. Wengi wakiutaja waraka huu hushikwa na neno "wasaliti". Mimi nimeshikwa na maneno madogo mawili ambayo mtu anaweza kuyaruka. Katika orodha ya sifa limo "sisi". Katika orodha ya matusi limo "wao". Wale waandishi hawakuhitaji kusoma isimu; walijua kwamba kiwakilishi kikikaa vizuri, tusi linaweza hata lisiwepo.

Pili, mwaka huohuo Jesse Helms, seneta wa North Carolina, aligombea dhidi ya Harvey Gantt, mgombea mweusi. Tangazo lake la "Hands" linaonyesha mikono ya mzungu ikisoma barua ya kunyimwa kazi, kisha ikiifinyanga. Sauti inamwambia mtazamaji kwamba wewe uliihitaji kazi ile na ulistahili, lakini wao ikabidi waitoe kwa mtu wa jamii ya wachache kwa sababu ya mgawo wa rangi. Uso wa mwenye mikono hatuuoni. Hauonekani kwa makusudi, maana uso ni wako wewe unayetazama. Na hao "wao" walioitoa kazi ni akina nani? Mwajiri? Serikali? Weusi? Gantt? Jibu halitolewi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili "wao" wa namna hii tunamfahamu sana. Umeme ukizimika tunasema "wamekata". Nauli ikipanda, "wamepandisha". Silabi moja tu, "wa-", na kila mtu ndani ya daladala anaitikia bila kuuliza mtenda ni nani. Kwa umeme hakuna neno, kwa sababu shirika lipo na linajulikana. Ila ukichukua kiambishi hicho kisicho na mwenyewe ukakiweka mbele ya watu walionyimwa kazi, kila mmoja atakijaza kwa jirani anayemwogopa. Helms alishinda.

Yupo atakayenipinga kwamba maneno hayakuwagawa Wamarekani. Kwamba mgawanyiko ulikuwapo, hasa baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuwahamisha wazungu wa kusini polepole kutoka chama kimoja hadi kingine. Hoja hiyo ni nzito na sehemu yake ni kweli. Tangazo halilimi shamba, linapanda mbegu kwenye shamba lililokwisha kulimwa. Lakini tazama jambo hili. Mwaka 1960 Wamarekani walipoulizwa kama wangechukia mtoto wao kuoa au kuolewa na mtu wa chama kingine, waliosema ndiyo walikuwa kama asilimia 5. Mwaka 2010 walikuwa karibu nusu ya Warepublican na theluthi ya Wademokrat. Chama kimekuwa suala la posa jamani! Sheria na uhamaji wa wapiga kura peke yake havielezi kwa nini mkwe anachukiwa. Hapo lazima tutafute nani alimfundisha baba mkwe kusema "wao".

Nisieleweke kwamba ufundi huu ni wa chama kimoja. Mwaka 2016 Hillary Clinton alisema nusu ya wafuasi wa Trump wangeweza kutiwa kwenye kapu la watu wa hovyo. Walengwa wakalichapa tusi hilo kwenye fulana na kulivaa kwa majivuno. Na mwaka 2022 huko Michigan Wademokrat walitumia zaidi ya dola 400,000 kwa tangazo lililosema John Gibbs ni mhafidhina kupita kiasi. Kwa nje ni lawama. Kumbe lilirushwa wakati wa kura za mchujo za Warepublican, ambao kwao lawama ile ilikuwa sifa. Gibbs akambwaga Peter Meijer, Mrepublican aliyethubutu kupiga kura ya kumshtaki Trump, kisha naye akashindwa na Mdemokrat. Kejeli ya sentensi moja kwa hadhira mbili! Kifani nampa alama za juu. Kimaudhui, walimwondoa mtu aliyekuwa amekataa kuwa "wao".

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema haya ni malumbano tu, kama ya washairi wetu. Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana maneno makali sana, lakini mshairi alimsemesha mshairi, na aliyesemwa alijibu kwa bahari ileile. Mpinzani alikuwa nafsi ya pili. Katika matangazo haya mpinzani amesukumwa kwenye nafsi ya tatu, anasengenywa mbele ya mpiga kura. Msengenywaji hajibu, hayupo.

Tangazo la Trump la mwaka 2024 dhidi ya Kamala Harris lilimalizia safari hii. Lilihusu matibabu ya wafungwa wanaobadili jinsia, na sentensi yake ya mwisho ilichezea viwakilishi waziwazi: Kamala ni wa "they/them", Trump ni wa "you". Kwa Kiingereza "they" ni wingi, na pia ni kiwakilishi cha mtu asiyetaka kuitwa wa kiume wala wa kike. Nilijaribu kulitafsiri nikakwama, maana "yeye" wetu haina jinsia na mzaha wote unakufa. Nikaandika "Kamala ni wa wao, Trump ni wako". Mwenzangu wa semina akafuta "wao" akaweka "hao". Nimeiacha yake, kwa sababu "hao" huwezi kuitamka bila kunyoosha kidole.