Sifa za Mpigaji wa Deiwaka

Mashabiki wa muziki humjua mwimbaji, na siku hizi humjua hata mtayarishaji anayejitaja mwanzoni mwa wimbo. Asiyejulikana ni mpigaji aliyeitwa studio kwa kazi ya siku moja, akapiga besi au gitaa la rithimu, akalipwa, akaenda zake. Wanamuziki wa dansi humwita deiwaka, na wengi humhesabu kibarua tu. Hesabu hiyo ina kosa. Kuupokea wimbo wa mtu mwingine, ukaupiga kwa muda mfupi na kuuacha ukiwa bora kuliko ulivyoukuta, ni ufundi kamili unaostahili heshima yake wenyewe.

Itazamwe kazi yenyewe. Katika studio za Nashville, Marekani, kipindi cha kawaida cha kurekodi huchukua muda wa saa 3, na ndani yake hutarajiwa nyimbo kadhaa. Mara nyingi mpigaji huingia hajapata kuusikia wimbo. Huusikiliza mara moja au mbili, huandika mpangilio wa kodi (sauti zinazopigwa pamoja), kisha kurekodi kunaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alibuni utaratibu wa kuandika kodi kwa namba, 1, 4, 5, badala ya herufi. Mwimbaji akilalamika kwamba ufunguo uko juu mno, karatasi haibadiliki. Vidole ndivyo vinavyohama. Awezaye hayo bila kusita amepitia miaka ya mazoezi ambayo hakuna aliyemlipa. Ndiyo maana kazi hizi ni nadra kupatikana kwa tangazo. Saa za studio zinalipiwa, na mwenye kulipa humwita yule anayetajwa na wapigaji wenzake: anayefika mapema, nyuzi zake zimekazwa sawasawa, anayejua pa kupiga na pa kunyamaza.

Atasema mtu kwamba huo ni wepesi wa mkono tu. Mtunzi ametunga, mpigaji ametii. Ushahidi unakataa. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya Motown mjini Detroit, mara nyingi alipewa karatasi ya kodi tupu, na besi aliyoipiga kwa kidole kimoja cha shahada akaitunga papo hapo. Carol Kaye wa Los Angeles ndiye aliyebuni besi inayoubeba “The Beat Goes On”, wimbo wa Sonny na Cher wa mwaka 1967 uliojengwa juu ya kodi moja. Iondoe besi ile, wimbo unalala. Ubunifu wa namna hii una ugumu wa pekee, kwa kuwa anayetunga anatunga ndani ya mipaka ya wimbo usio wake, na amefaulu pale msikilizaji anapomsikia mwimbaji vizuri zaidi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kompyuta imekwisha kuimaliza kazi hii. Ni kweli kwamba Dar es Salaam na Nairobi wimbo mzima unaweza kutoka studio bila ala hata moja kuguswa, na hilo limewafungulia mlango vijana wengi wasio na fedha. Lakini mashine nayo hula jasho la mtu. Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa kuajiriwa wa James Brown, alipiga katika “Funky Drummer”, wimbo uliotoka mwaka 1970, kipande kifupi kilichokuja kukatwa na kupandikizwa katika mamia ya nyimbo za hip hop. Alifariki mwaka 2017 bila kuhesabiwa miongoni mwa watunzi wa wimbo ule. Mashine hurudia kilichokwisha kupigwa. Kumsikia mwimbaji anavuta pumzi na kumpisha ni kazi ya binadamu.

Wapo watakaosema kwamba mpigaji alikubali malipo, akalipwa, deni limekwisha. Lakini fedha ya siku hulipa muda wa siku, na jina ndilo linalomletea kazi ya kesho. Albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On, ndiyo albamu kubwa ya kwanza ya Motown iliyowataja wapigaji wake, wakati kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1959. Jamerson alifariki mwaka 1983. Jumba la heshima la wanamuziki, Rock and Roll Hall of Fame, lilimpokea mwaka 2000. Kwetu sheria haiko kimya: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, zinamlinda mtumbuizaji pamoja na mtunzi. Kilichobaki ni mazoea yetu. Watayarishaji, andikianeni makubaliano kabla ya kurekodi, na wimbo ukitoka liwekeni jina la mpiga besi chini ya jina la mwimbaji. Nanyi wapigaji, msitoke studio kabla majina yenu hayajaandikwa.